Kondoo wa Kilo Themanini na Mbili

Mwezi wa pili ulipokuwa ukingoni, Bethwel wa Sachangwan alikuwa ameshakata shauri kwamba anakufa, na amekata shauri vilevile kwamba hatamwambia mtu. Si kwamba alikuwa mtu wa siri. Huyu ni mtu ambaye akichomwa na mwiba, kijiji kizima hupata habari kabla mwiba haujatoka. Lakini ugonjwa huu, kwa jinsi alivyouelewa yeye, ulikuwa ugonjwa wa aibu, ambao mzee wa kanisa mwenye trekta yake na wajukuu hawezi kuutaja mbele ya watu wazima. Aliamini ameambukizwa na kondoo.

Tumsikilize kwanza kabla hatujamcheka. Bethwel alikuwa mlimaji, yaani majirani walimwita awalimie kabla ya mvua ndefu, na mlimaji wa trekta haangalii anakokwenda, anaangalia alikotoka. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani, wa kulia uko tayari kuinua plau, na kichwa kimepindwa juu ya bega la kulia kutazama kama diski zinakata sawasawa. Alikuwa amekaa hivyo tangu ujanani. Mkewe, Jepleting, alikuwa akisema kwamba hata kanisani mumewe hukaa upande upande, kana kwamba kuna plau nyuma ya benchi.

Basi asubuhi moja aligeuza kichwa kulia kama kawaida, na dunia ikageuka pamoja nacho. Milima ya Mau ikazunguka. Malori yaliyokuwa yakipanda barabara kuu yakaonekana yakielekea mbinguni, tela na yote. Bethwel alikanyaga klachi, akaweka paji la uso juu ya usukani, akangoja mpaka ardhi ikae chini tena. Alijiambia ni jua. Kesho yake ikarudi, safari hii na maumivu yaliyoanzia shingoni yakapanda hadi kisogoni, na siku hiyo hakukuwa na jua la kulisingizia. Alinunua dawa za kichwa dukani, akanywa, akanywa na chai ya tangawizi juu yake, na bado kila akitazama plau, mbingu ilifanya mzunguko wake.

Jioni ya siku hiyo ndipo alipomwona Mwalimu. Mwalimu alikuwa kondoo jike wa Bethwel, mnene, mwenye kutembea mbele ya wenzake kwa madaha, na ndiyo maana akapewa jina hilo. Alikuwa katikati ya zizi, kichwa kimeinama upande wa kulia, anazunguka. Alizunguka kulia, akasimama, akayumba, akaanza tena. Bethwel alishika nguzo ya zizi na kumtazama, na damu ikamwishia usoni.

Watu wa upande wa Molo wanawajua kondoo kama wanavyowajua watoto wao, na wanaujua ugonjwa wa kuzunguka. Ni mnyoo unaoingia kichwani, ukajifanyia kifuko ndani ya ubongo, na kondoo akishaanza kuzunguka watu huanza kunoa kisu. Wanajua pia kwamba mnyoo huo unapitia kwa mbwa wanaotupiwa vichwa vibichi vya kondoo. Hapo ndipo Bethwel alipokumbuka Krismasi. Alikuwa amealikwa kwa jirani yake Jonah, wakala supu ya kichwa, na kichwa chenyewe kilitolewa motoni mapema kwa sababu wageni walikuwa na njaa. Alikumbuka vizuri kwamba shavu lilikuwa gumu. Hesabu yake ikakamilika palepale: kondoo anazunguka kulia, yeye anazunguka kulia, kondoo ana mnyoo, yeye ana mnyoo, na aliyempa ni Jonah.

Kuanzia jioni ile Bethwel na Mwalimu wakawa kama wagonjwa wa wodi moja. Mwalimu akila nyasi, Bethwel alipata matumaini na kuomba chakula cha pili. Mwalimu akilala kiubavu, Bethwel naye alikwenda kulala. Jepleting alimuuliza mara nyingi ana nini, akamwambia aende hospitali, lakini alijibiwa kwamba ni uchovu wa msimu, na kwamba hospitali ni ya wagonjwa.

Kwa kuwa alikuwa akiondoka, aliona ni vyema aondoke vizuri. Alianza kusema asante akipewa chai. Aliosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo lilimfanya Jepleting akae chini. Alimpigia simu binti yao Chelagat, anayefanya kazi katika mashamba ya maua huko Naivasha, akamsalimia tu bila kumtuma kitu chochote, mpaka msichana akauliza kama simu imeibwa. Kisha akavaa koti, akaenda kwa Jonah na kumwambia kwamba amemsamehe. Jonah, ambaye hakujua ana kosa, aliuliza amesamehewa nini. Bethwel akamwambia asiulize, achukue tu.

Lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa trekta. Ilikuwa trekta kuukuu nyekundu, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Kwa miaka mingi Jepleting alikuwa ameomba afundishwe, na kwa miaka hiyo yote alijibiwa kwamba trekta si cherehani. Sasa Bethwel alijiuliza nani atalima akiondoka. Dereva wa kukodi angesaga gia katika msimu mmoja. Chelagat yuko mbali. Akabaki mtu mmoja tu, na asubuhi moja, bila maelezo, alimwita mkewe nje, akampa ufunguo na kumwambia apande.

Sijui niseme nini kuhusu masomo yale. Jepleting alikuwa mwanamke hodari, mwenye kukamua ng'ombe huku anazungumza kwa simu, lakini juu ya trekta alikuwa mtu mwingine. Akiachia klachi, trekta iliruka kama chura na kuzimika. Akiambiwa kulia alikwenda kushoto. Mifuo yake ilipinda mpaka watu waliopita barabarani walipunguza mwendo kutazama. Kurudi nyuma ndiko kulikomshinda kabisa: aliangusha kigingi cha lango, kikasimamishwa, akakiangusha tena. Bethwel, ambaye zamani angekuwa ameshapandisha sauti hadi mji wa Salgaa ukasikia, alisema polepole kwamba si neno, tujaribu tena kesho. Moyoni alikuwa amekata tamaa kabisa. Alimpenda mkewe, na alikuwa akimwachia chombo ambacho hatakiweza.

Siku moja alfajiri alimkuta Mwalimu ameanguka. Alikuwa hai, anapumua, lakini miguu ilikataa kumbeba. Bethwel alipoinama kumshika, kichwa chake mwenyewe kikazunguka vibaya hivi kwamba alijikuta amekaa kwenye samadi, kondoo upande huu na yeye upande ule, wanatazamana. Pale chini hofu ilimshika waziwazi. Hakutaka kufa. Alikuwa amejifanya mtulivu kwa siku nyingi, lakini hakutaka hata kidogo. Akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka kwenda Molo kutafuta dawa.

Hakwenda hospitali. Alikwenda dukani kwa Farhiya, mwanamke wa makamo mwenye agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, karibu na soko, ambaye watu walimwita daktari kwa sababu mifugo yao ilikuwa hai. Mawazo ya Bethwel yalikuwa haya: ugonjwa ni mmoja, kwa hiyo dawa ni moja, tofauti ni kipimo tu. Alisalimia, akaulizia hali ya soko, akaulizia mvua, kisha akasema anataka dawa ya kunywesha kondoo wawili wenye ugonjwa wa kuzunguka.

Farhiya aliuliza uzito, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito.

"Mmoja kama kilo arobaini na tano," Bethwel alisema. "Huyu mwingine themanini na mbili."

Farhiya aliacha kuandika. Alikuwa ameuza dawa za kondoo miaka mingi, na hakuwahi kukutana na kondoo wa namna hiyo. Aliuliza kama bado anakula. Bethwel akasema anakula vizuri tu, ingawa tangu juzi hamu ya chapati imepungua. Kisha, kwa kuwa alitaka mama yule aelewe uzito wa jambo, akaongeza dalili moja zaidi.

"Akigeuza kichwa hivi kulia, anaona milima yote inazunguka."

"Mzee," Farhiya alisema polepole, "amekuambia aje anaona milima inazunguka?"

Bethwel alitazama mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Alitazama bango la kuku.

"Na huyo kondoo," Farhiya akaendelea, "amejiandikisha bima ya afya ya SHA?"

Hapo Bethwel alivua kofia. Akaeleza yote: plau, zizi, supu ya Jonah, shavu lililokuwa gumu. Farhiya alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilimgharimu sana, kwa sababu alilazimika kuinama mara mbili chini ya kaunta akijifanya anatafuta kitu. Kisha akamwambia wazi kwamba dawa ya kondoo hatampa, ingempeleka kweli huko anakodhani anakwenda. Akauliza kuhusu Mwalimu peke yake. Sikio la kulia likoje? Lina harufu? Bethwel akakubali kwamba lina harufu, na usaha pia, ila alidhani ni uchafu. Farhiya akasema kwamba sikio likioza ndani, kondoo huinamisha kichwa na kuzunguka vilevile, na huenda huyo ana sikio tu. Akatayarisha sindano na dawa ya kusafishia sikio, akazifunga vizuri kwenye mfuko, kisha akauweka mfuko nyuma yake. Alisema Bethwel ataupata akirudi kutoka hospitali, si kabla.

Ndivyo Mwalimu alivyomfikisha Bethwel hospitalini, mbele ya Daktari Naliaka. Alikuwa daktari kijana, mwenye sauti ya upole na mikono baridi. Alipima presha, akatazama masikio, akamtembeza kwa mstari ulionyooka, akamwambia afuate kidole kwa macho. Bethwel alijibu kila swali kama mtu anayesubiri hukumu. Kisha daktari akamuuliza anafanya kazi gani na akamwomba akae kwenye kiti amwonyeshe anavyofanya.

Bethwel alikaa. Mkono wa kushoto ukashika usukani usiokuwepo, wa kulia ukaenda pembeni, na kichwa, bila kuulizwa, kikapinda juu ya bega la kulia hadi mwisho. Chumba kikazunguka. Akashika meza ya daktari kwa mikono miwili, akamwomba Mungu msamaha wa mambo kadhaa.

"Umekaa hivyo tangu lini, mzee?" daktari aliuliza.

"Tangu kabla nioe."

Picha ya eksirei ya shingo ilipotoka, daktari aliinyanyua mwangani, akamwonyesha mifupa ya shingo. Ilikuwa imelika pembeni kama meno ya gia iliyosagwa, na misuli ya upande mmoja ilikuwa imekazana kushikilia kazi ya siku zote. Alimweleza kwamba shingo ina kazi ya kuuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi, na yake, kwa kuchoka, ilikuwa inatuma habari za uongo. Ndiyo maana dunia ilizunguka. Bethwel aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu mnyoo. Daktari akasema haoni dalili yoyote ya mnyoo, na kwamba supu ya Jonah haina hatia.

Alimwandikia vidonge vya kutuliza kizunguzungu, na vingine vya maumivu na kulegeza misuli. Alimwambia vya kizunguzungu ni vya siku chache tu, havifai kuzoewa, na vitamletea usingizi, kwa hiyo asipande trekta mpaka atakaporudi kupimwa. Bethwel alifurahi kuona dawa. Akaomba aongezewe, ikiwezekana na sindano, ili mambo yaishe mara moja.

"Dawa itatuliza kizunguzungu peke yake," daktari alimwambia. "Shingo utaitengeneza wewe mwenyewe."

Akamfundisha jinsi: kurudisha kidevu ndani, kuinamisha sikio kuelekea bega polepole, kuweka kitambaa cha moto, na siku akirudi kazini, afunge kioo kikubwa cha kutazamia nyuma na ageuze mwili mzima badala ya shingo. Bethwel alifanya mazoezi yale mbele yake akiwa na uso wa ibada. Alipotoka nje alisimama kwenye ngazi za hospitali, akavuta hewa, na furaha ikampanda mpaka akamsalimia mlinzi mara mbili. Alikuwa hai. Halafu akaudhika kidogo. Shingo tu? Baada ya kuaga dunia yote ile? Kama angejua ataishi, asingemsamehe Jonah mapema vile.

Alirudi kwa Farhiya akamwonyesha vidonge vyake, akapewa mfuko wake, akaenda nyumbani. Mwalimu alidungwa sindano, akasafishwa sikio, na haikupita wiki akawa ameanza kutembea mbele ya wenzake, kichwa kikiwa bado kimeinama kidogo lakini madaha yote yamerudi. Bethwel naye alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, akasinzia, akaamka, akageuza kichwa kulia, na milima ikabaki mahali pake. Alimwambia mkewe nusu ya mambo tu, kwamba ni shingo, na kwamba amekatazwa trekta. Habari za kondoo aliziweka kando kwanza. Jepleting alisikiliza yote, kisha akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa amenawa uso.

Sasa kulikuwa na shamba la jirani mwingine, Makhanu. Lilikuwa limeahidiwa kulimwa kabla ya mvua, viazi vya kupanda viko ghalani vimeshaanza kuchipua, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Mau kila alasiri. Bethwel alisema atatafuta dereva Salgaa. Jepleting akachukua ufunguo msumarini, akasema hakuna haja, atalima yeye.

Bethwel alikumbuka kigingi cha lango. Lakini mtu aliyekatazwa hana la kusema. Alimfuata hadi shambani kwa miguu, taulo la moto likiwa shingoni, akageuza ndoo na kukaa kando ya ua, tayari kwa msiba.

Jepleting aliwasha injini. Akaachia klachi, na trekta ikaondoka laini kabisa. Plau ikashuka ardhini mahali hasa pa kushuka. Alikwenda hadi mwisho wa shamba, na nyuma yake mfuo ulinyooka kama uzi wa fundi. Kule mwisho aliinua plau, akakata kona, akaona amebanwa na ua, akarudisha nyuma mara moja tu, akajipanga na kushuka tena. Usingizi wa vidonge ulimtoka Bethwel wote. Alisimama juu ya ndoo apate kuona vizuri. Mfuo wa pili ukalala kando ya wa kwanza bila kuacha hata upana wa kiganja, na wa tatu pia, na wa nne. Akashuka, akakatiza shambani akijikwaa kwenye mabonge ya udongo, mpaka akafika ilipo trekta, akainua mkono. Jepleting alisimamisha, injini ikaendelea kunguruma.

"Mama Chelagat, hii umejua lini?"

"Siku ya kwanza," Jepleting alisema. "Nimekuangalia hapo juu miaka yote hiyo. Mimi si kipofu."

"Na kigingi?"

"Nilikiangusha makusudi."

Bethwel alishindwa kuelewa. Alimuuliza sasa kwa nini akamsumbua vile, asubuhi baada ya asubuhi, na yeye anaumwa.

Jepleting alikuwa anatazama mbele, shambani, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu anayeendesha ingawa trekta imesimama.

"Ulianza kusema asante kwa chai," alisema. "Nikajua unakufa na hutaki kuniambia. Nikapigia Chelagat, akasema akipata ruhusa anakuja tukubebe hospitali na nguvu. Halafu jioni moja, kabla hujanipa ufunguo, nikapita nyuma ya zizi nikakusikia unaomba. Ulikuwa unaambia Mungu asikuchukue kwanza, kwa sababu mimi bado sijajua kurudisha trekta nyuma." Alipangusa pua kwa upande wa mkono. "Sasa Baba Chelagat, baada ya kusikia hiyo, ningejua kurudi nyuma aje?"

Bethwel alikuwa ameomba yale peke yake, akidhani anayemsikia ni Mungu na kondoo tu. Alishika madgadi, bati la juu ya gurudumu la trekta, kwa mikono miwili, si kwa kizunguzungu, maana ardhi ilikuwa imetulia kabisa, na machozi yakamtoka mchana kweupe katikati ya shamba la watu, akicheka humohumo, hajali nani anapita barabarani.

Jepleting alimwacha kidogo. Kisha akaingiza gia.

"Toka hapo kwa mtaro nimalize," alimwambia. "Mvua inakuja."